Pima Nozo Kabla Hujanunua Nozo

Leo nazungumza na mwenye gari la dizeli. Zaidi nazungumza na yule ambaye juzi fundi alifunga boneti akamwambia, "Mkubwa, nozo zote nne zimekwisha. Toa pesa twende maduka ya Grogan tukachukue zingine." Kabla hujatuma hiyo pesa kwa simu, nipe dakika chache.

Ninalotaka kusema ni hili: nozo hupimwa. Haihukumiwi kwa rangi ya masizi yaliyoishika, wala haibadilishwi kwa sababu tu gari limetoa moshi. Na sehemu kubwa ya kazi ya kuipima inaweza kufanyika nyumbani kwako, hapo nje ya geti, kwa spana mbili, kitambaa na masikio yako. Iko sehemu nyingine ambayo usiiguse nyumbani hata kama umeona mtu akiifanya kwenye video. Nitaieleza kwa urefu, maana hapo ndipo watu hupoteza vidole.

Kwetu Kitengela jambo hili linawagusa watu wengi. Simama kando ya barabara ya Namanga saa kumi na mbili asubuhi uhesabu. Zinapita matatu za Hiace zikielekea Nairobi, malori ya mchanga na ya mawe, malori ya maji, trela za saruji kutoka viwanda vya Athi River, malori ya ng'ombe yaliyotoka soko la Ilbissil, na Land Cruiser za kazi zilizojaa vumbi la Mashuuru mpaka kwenye vioo. Nyingi kati ya hizo ni dizeli. Siku hizi hata gari la familia linaweza kuwa la dizeli, kwa sababu watu walipiga hesabu ya kwenda mjini na kurudi kila siku, wakaona lita ya dizeli inafika mbali kuliko lita ya petroli. Hesabu hiyo ni sawa mpaka siku injekta, nozo ya kisasa, inapokufa. Injekta moja ya gari la kisasa inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na injini huwa na nne au zaidi. Kwa mwenye matatu ya mkopo, kubadilisha zote kwa kubahatisha ni kutoa karo ya mtoto na kuitupa kwenye debe la vyuma chakavu.

Tuanze na kazi yenyewe ya nozo, kwa kifupi. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inashindilia hewa mpaka hewa hiyo inakuwa na joto la kutosha kuwasha mafuta, halafu nozo inarusha dizeli ndani kwa presha kubwa, ikiwa ukungu. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, kwa mizunguko 750 hivi kwa dakika, kila nozo inarusha mafuta takriban mara sita kwa sekunde moja. Kila mara ifunguke ghafla na ifunge ghafla bila kuacha tone. Sindano iliyo ndani yake na mwili unaoibeba huachana kwa nafasi ya maikroni mbili hadi nne, hali unene wa unywele wa binadamu ni maikroni sabini hivi. Rudolf Diesel mwenyewe, injini yake ilipofaulu kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, hakuwa na pampu ya kuimudu kazi hii; alipuliza mafuta ndani kwa hewa ya kompresa. Ilibidi dunia ingoje mpaka 1927, kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi, ndipo injini hii ikapata njia nyepesi ya kuingia barabarani. Kwa hiyo fundi anayefungua nozo chini ya mti kando ya barabara ameshika kitu ambacho wahandisi walihangaika nacho kwa miaka thelathini. Kinastahili mkono safi.

Nozo ikichoka, gari husema. Linakuwa gumu kuwaka asubuhi. Linatoa moshi mweupe unaochoma macho mpaka lipate joto. Linamisi. Linagonga kama mtu anapiga nyundo ndani ya injini. Likipanda mlima linaacha moshi mweusi nyuma. Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo huletwa na mambo mengine, na huku kwetu kaunti ya Kajiado mambo hayo yamejaa.

La kwanza ni vumbi. Gari linaloshinda kwenye barabara za murami huziba filta ya hewa muda mrefu kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, na injini iliyonyimwa hewa hutoa moshi mweusi hata kama nozo zake zimetoka kiwandani jana. La pili ni mwinuko. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kajiado uko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa sita. Injini ya zamani isiyo na tabo, ambayo pampu yake ilipangwa Pwani, ikifika huku inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na inafuka moshi. Hapo dawa ni kupunguza mafuta kwenye pampu. Nozo hazina hatia.

Ndiyo maana upimaji wa nyumbani unaanza bila kugusa nozo. Toa filta ya hewa uishike kuelekea jua. Usipoona mwanga ukipenya kwenye karatasi yake, nunua nyingine, ni ya bei ndogo. Kisha nenda kwenye filta ya dizeli. Nyingi zina koki ndogo chini. Weka chupa inayoonyesha, fungua koki, kinga kidogo, uiache chupa itulie. Ukiona tabaka mbili, chini maji na juu dizeli, umeshajua adui wa nozo zako anakotoka. Angalia paipu inayoleta dizeli kutoka kwenye tangi kama ina mapovu, maana paipu inayovuta hewa huifanya injini ikohoe vilevile. Na kama shida yako ni kuwaka asubuhi peke yake, pima hita plagi kwanza. Haya yote ni kazi ya nusu saa, na kuna watu wengi gari lao limepona hapo hapo.

Kama bado linamisi, sasa tafuta ni silinda ipi. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu magari ya dizeli yako makundi mawili, na dawa ya kundi moja ni sumu kwa lingine.

Kundi la kwanza ni la pampu ya zamani, ile isiyotegemea kompyuta. Hapa wamo Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zile pikapu za silinda sita ambazo hata polisi wetu wanazitumia, Hilux za 3L, Canter za zamani na malori mengi ya umri mkubwa. Kwa gari la kundi hili, washa injini ipate joto. Vaa miwani na glavu nzito. Zungushia kitambaa kwenye nati ya paipu inayoingia nozo ya kwanza, kisha ilegeze kidogo tu, nusu mzunguko, mkono wako ukiwa kwenye spana na si kwenye nati. Dizeli itavujia hapo badala ya kuingia kwenye silinda. Sikiliza. Injini ikibadilisha sauti na kutetemeka zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili, ya tatu. Utakapofika kwenye silinda ambayo ukilegeza nati yake hakuna kinachobadilika, umempata mgonjwa.

Lakini hujajua anaumwa nini, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Zima injini. Toa nozo ya silinda hiyo uihamishie kwenye silinda jirani, na ya jirani uilete huku, kila moja na washa mpya ya shaba. Washa, rudia kulegeza nati. Ugonjwa ukihama pamoja na nozo, nozo ndiyo mbovu. Ugonjwa ukibaki kwenye silinda ile ile, basi shida si nozo; mara nyingi ni kompresheni: valvu, ringi au gasketi, na hata ukinunua nozo mpya za dunia nzima gari litaendelea kumisi. Hakuna kifaa cha bei kilichotumika hapo. Ni uvumilivu tu, na fundi asiye na dakika arobaini za kufanya hivyo hana haki ya kukuagizia nozo nne.

Ukishajua kwamba nozo ndiyo mbovu, inakwenda kwenye mashine ya kupimia. Ni kifaa kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye benchi: juu kina kikombe cha mafuta, pembeni mkono wa kusukuma, mbele geji. Nozo inafungwa ikitazama chini, ndani ya chupa pana ya plastiki inayoonyesha. Fundi anayejua kazi anasukuma mkono taratibu, na macho yako wewe mwenye gari yawe kwenye geji. Mshale unapanda, unafika mahali, nozo inafunguka kwa mlio mkavu wa kukoroma, na ndani ya chupa unaona wingu. Likiwa wingu laini, la umbo moja, lisilo na mchirizi wala upande uliokatika, hiyo ni afya. Nozo iliyo kimya, inayotoa mafuta kama mrija bila kukoroma, sindano yake imekwama au imelika.

Kisha kuna kipimo cha pili ambacho mafundi wenye haraka hukiruka, nacho ndicho cha maana zaidi. Ncha ya nozo inafutwa ikauke. Mkono unasukumwa mpaka presha inakaribia ile ya kufungukia, imebakiza kama baa 10 au 20, na inashikiliwa hapo sekunde kumi. Ncha inatakiwa ibaki kavu, au iwe na unyevu tu. Tone likianguka, nozo hiyo inavuja ndani ya silinda, na tone hilo ndilo linalogonga, linalotoa moshi mweusi, na likiachwa muda mrefu ndilo linalotoboa kichwa cha pistoni.

Presha ya kufungukia inaandikwa na mtengenezaji wa injini. Kwa injini zenye kichumba cha mwako pembeni, kama hiyo 1HZ, tarajia nambari kati ya baa 100 na 160. Zile zinazorusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni huanzia karibu baa 180 na kupanda. Nozo zote za injini moja zikaribiane. Iliyoshuka presha hurekebishwa kwa kuongeza shimu ndani yake, washa nyembamba za chuma. Unene wa sehemu tano tu za mia za milimita unainua presha kwa baa kadhaa. Iliyoziba husafishwa, kwa brashi ya shaba na dizeli safi, si kwa msasa. Na tafadhali fundi, ukifungua nozo nne pamoja, usichanganye sindano ya hii na mwili wa ile. Kila sindano ilisuguliwa kiwandani na mwili wake. Ncha ikiwa imekwisha kabisa, inanunuliwa ncha peke yake na kishikio kinabaki kile kile. Tofauti ya bei ni kubwa sana.

Baadhi ya watu wa jua kali wanaiunda mashine hii wenyewe kwa jeki ya chupa na geji. Siwadharau. Iliyoundwa vizuri inapima nozo ya zamani sawasawa, mradi geji yake imelinganishwa na nyingine inayoaminika na hakuna paipu iliyoungwa kwa kulehemu ovyo.

Na kuna sababu kwa nini Kajiado inahitaji ujuzi huu usambae mpaka mbali. Dizeli ya huku haiishii barabarani. Visima vingi vya ng'ombe vimekuwa vikivutwa na injini za dizeli, na vinu vya posho pia. Sola imeingia, tunashukuru, lakini injini bado zipo. Wakati wa ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, injini za visima zilifanya kazi mchana na usiku. Nozo ya injini ya kisima ikiziba katika hali hiyo, mifugo inasimama kwenye birika kavu mpaka mtu alete nozo kutoka mjini. Kijana wa kisimani anayejua kuitoa, kuisafisha na kuitazama inavyorusha anaokoa mali ya watu wengi.

Sasa nafika pale niliposema nitaeleza kwa urefu.

Kuna namna ya kupima ambayo utaikuta kwenye gereji nyingi. Nozo inatolewa kwenye injini, inafungwa tena kwenye paipu yake ikitazama nje, tanboi anapiga stata, na fundi anaangalia inavyorusha. Wengine wanaweka kiganja mbele ili "kusikia nguvu". Nawasihi, acheni. Acheni leo.

Ngozi ya binadamu inatobolewa na mchirizi wa maji au mafuta wenye presha ya baa saba tu. Nozo ya zamani inarusha kwa zaidi ya baa 100. Dizeli ikigusa kidole kwa presha hiyo inapenya, inafuata mishipa na kano, inaingia kiganjani, pengine mpaka kwenye kigasha. Nje unaona nini? Kitundu kama cha sindano, damu kidogo, na mara nyingi hakuna maumivu makali mwanzoni. Mtu anafuta mkono anaendelea na kazi. Usiku mkono umevimba, umekuwa mgumu, hawezi kulala. Kwa ndani dizeli inaua nyama. Mapitio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2006 kuhusu majeraha ya namna hii yalikuta kwamba karibu asilimia 30 ya waathiriwa walikatwa kidole au sehemu ya mkono, na kwamba kwa mafuta ya jamii ya petroli, kuchelewa kufanyiwa upasuaji zaidi ya saa sita kuliongeza hatari hiyo.

Kwa hiyo ikitokea, usipake chochote, usikande, usinywe dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na usimwambie daktari "nimejichoma". Mwambie maneno haya: "Dizeli ya presha imeingia chini ya ngozi." Kitundu kidogo kinaweza kumdanganya hata muuguzi mzuri akakupa plasta na sindano ya pepopunda. Ukisema presha, atajua ni upasuaji, na kama hapo hakuna daktari wa upasuaji atakupeleka penye daktari huyo. Kama wewe ni mama au baba wa kijana anayejifunza ufundi, mwambie haya leo jioni.

Ongeza na hili. Ule ukungu wa dizeli kwenye chupa unashika moto kwa urahisi kuliko dizeli iliyo kwenye debe. Ploti zetu za Kitengela zimebanana; jirani anapika kwa jiko la makaa mita mbili kutoka ulipo. Pimia mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, watoto wasiwepo, na usivute ule ukungu.

Sasa nije kwenye kundi la pili la magari, lile la komoni reli, ambapo injekta zote hulishwa na reli moja ya mafuta chini ya amri ya kompyuta. Hapa wamo Hiace nyingi za kisasa, Prado, Hilux na D-Max za miaka ya karibuni, na karibu kila gari dogo la dizeli linaloshuka Mombasa kutoka Japani, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu gari kuukuu lenye zaidi ya miaka minane. Teknolojia hii iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, kwanza kwenye malori ya Japani kupitia Denso, kisha kwenye magari madogo ya Ulaya kupitia Bosch. Ndani ya reli ile presha huwa mamia ya baa hata gari likiwa limesimama, na likikanyagwa hupita baa 1,300, nyingine 1,800. Nati ya gari hili haifunguliwi injini ikiwaka. Nakataza kabisa. Usifungue hata mara tu baada ya kuzima; ngoja presha ishuke. Na waya za injekta usizichomoe injini ikinguruma, maana zinabeba volti nyingi kuliko betri yako.

Je, mwenye gari la namna hii hana la kufanya nyumbani? Analo. Kwanza kuna skana, na siku hizi kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani kinazungumza na simu. Kwenye magari mengi kompyuta inaonyesha kiasi cha mafuta inachoongeza au kupunguza kwa kila silinda ili injini itulie. Injekta zenye afya zinakaa karibu na sifuri. Ile moja iliyokwenda mbali na wenzake ndiyo ya kufuatwa. Pili kuna kipimo cha mafuta yanayorudi. Injekta hizi hurudisha dizeli kidogo kwenye tangi kupitia paipu nyembamba, na iliyochakaa hurudisha nyingi. Kwenye injini ambazo paipu hizo ziko nje, unazichomoa injini ikiwa imezimwa, unaziba njia ya kurudi tangini, unaunganisha kila injekta na mrija wake ndani ya chupa yake, chupa za aina moja. Unawasha, unaiacha injini iungurume dakika chache bila kukanyaga, unazima, unalinganisha. Chupa moja ikiwa imejaa mara mbili au tatu ya zingine, una jibu. Paipu hizo za kurudisha hazina presha ya kukata mkono, ndiyo maana kipimo hiki kinawezekana nyumbani.

Lakini kabla hujakifanya, ujue injini yako. Kwenye injini za Toyota za jamii ya KD, zile za Hiace na Prado nyingi hapa kwetu, paipu za kurudisha ziko ndani chini ya kava ya tapeti, kwa hiyo si kazi ya nje ya geti. Na injekta za piezo, zilizo kwenye baadhi ya magari madogo, baadhi yake zinahitaji presha ya nyuma kwenye paipu hiyo. Ukiichomoa injini haitakwenda sawa na chupa zako zitakudanganya.

Kwa wenye injini hizo za KD kuna jambo jingine ninalotaka mlishike. Washa za shaba chini ya injekta zikilegea, moshi wa mwako unapanda, unaingia kwenye oili, oili inageuka lami, na lami inaziba chujio la kwenye sampu. Injini inakosa oili na kufa, na mwenye gari hakuwahi kusikia ikimisi. Ukisikia mlio wa kupumua, "chafu-chafu", kwenye injekta asubuhi, au oili mpya imekuwa nene na nyeusi mapema, usingoje.

Injekta ya komoni reli ikishapatikana na kosa, inapelekwa kwenye mashine kubwa ya kupimia, yenye mafuta maalumu na kompyuta, Nairobi kwa wengi wetu. Ukinunua mpya, ina msimbo wake ulioandikwa kichwani, na kwenye magari mengi msimbo huo ni lazima uingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiyeuingiza amekufungia injekta mpya ambayo gari haliifahamu, na wewe utarudi na lawama kwamba umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nozo hufa kwa nini? Nyingi huuawa na mafuta. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa ya bei ya chini kuliko dizeli, na wachanganyaji walifaidi. Mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha; pampu na sindano za nozo, ambazo hulainishwa na dizeli yenyewe, zinasagika. Serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwezi Septemba 2018, ililenga biashara hiyo, ingawa mama anayepikia stovu ndiye aliyelipa pia, na hilo si haki kwake. Januari 2015 salfa ya dizeli yetu ilishushwa isizidi sehemu 50 kwa milioni, jambo zuri kwa mapafu yetu, lakini kusafisha salfa huondoa pia utelezi wa asili, na ndiyo maana dizeli halali hutiwa viungo vya kuurudisha. Ile ya mtungi kando ya barabara haina anayeijibia. Nunua kwenye kituo, chukua risiti, na ukishuku mafuta, EPRA ndiyo mamlaka ya kupokea lalamiko lako.

Namaliza na mafundi wetu. Wapo wenye cheti cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na wapo waliojifunza kwa kushika tochi mpaka wakawa walimu. Nimewaona wa pande zote mbili wakifanya kazi safi. Ninachowaomba ni karatasi. Ukipima nozo za mtu, andika: silinda ya kwanza ilifunguka kwa baa ngapi, ya pili ngapi, ipi ilidondosha, ipi ilirusha vibaya. Weka tarehe na kilomita. Mpe mwenye gari karatasi hiyo pamoja na nozo zake za zamani ndani ya mfuko. Na wewe mwenye gari, kaa pale mashine inaposukumwa, uangalie mshale na ncha kwa macho yako. Ukiambiwa zote nne zimekufa na hakuna karatasi ya kuonyesha, usilipe.